Kuonja si Kunywa

Sitasimulia alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani. Wanaotaka mambo hayo waende Kisoko wakaulize, wataambiwa mpaka wachoke. Mimi nitasimulia ulimi wake, kwa sababu ulimi huo ndio uliompeleka jela, na mpaka leo nikisikia mtu akisema kwamba yule mzee alifungwa kwa ulevi, damu inanichemka.

Alikuwa mtunza divai wa klabu ya Wazungu pale Tororo, chini ya ule mlima wa jiwe. Wazungu walimwita boi. Alikuwa na wajukuu, kichwa kimekwisha kuwa cheupe, na bado ilikuwa boi lete hiki, boi ondoa kile. Watu wa kwao walimwita Jadwong, yaani mzee. Sisi wa mjini tulimwita Mzee wa Klabu, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Mimi nilikuwa dereva wa lori. Sisi ni Waislamu wa mjini: bibi yangu alikuwa Mnubi, babu alikuja na msafara kutoka pwani akasahau kurudi. Kazi yetu ilikuwa kubeba mali za watu kati ya stesheni ya Tororo, Mbale na Busia, na kuvuka mpaka pale Busia mzigo ulipotaka kuvuka. Kwa miaka kumi na miwili makasha ya divai ya klabu yalipita mikononi mwangu. Mzee alipenda kunichokoza kwa hilo. Aliniambia kwamba yeye anaonja na mimi nabeba, kwa hiyo siku ya mwisho tutapangwa foleni moja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vijana wa sasa hawaliamini. Sheria ya wakati ule ilimkataza Mwafrika kunywa divai na wiski. Pombe yake ya wimbi, yaani ulezi, ile wanayoiita kongo, aliruhusiwa. Chupa ya Mzungu aliweza kuibeba, kuizibua, kuimimina, kuosha bilauri zake na kuzoa matapishi ya walioinywa. Kuinywa tu ndiko kulikokuwa kosa. Na huyu mzee aliijua divai kuliko wote walioruhusiwa kuinywa.

Ilikuwa divai ya aina moja, nyekundu, iliyotoka Kusini mwa Afrika, na karatasi yake ilikuwa na picha ya daraja. Tuliiita Daraja. Ilikuwa mchanganyiko wa zabibu za namna tatu, zikichanganywa kwa kipimo kilekile mwaka hadi mwaka. Mzee hakuona maajabu hapo. Maajabu kwake ni kwamba kipimo hakibadiliki na divai inabadilika. Mwaka huu inakuja laini, mwaka unaofuata inakuja kali inakwaruza koo, mwaka wa tatu ina harufu ya ngozi mpya ya kiatu. Wazungu wenyewe walikuwa wanainywa tu, wakisema nzuri, nzuri, wakiomba nyingine.

Akili hiyo hakuitoa klabu. Aliitoa jikoni kwake. Mkewe alikuwa mpika kongo wa kusifika, watu walitoka Molo na Kwapa kuja kunywa kwake. Kipimo chake hakikugeuka: wimbi la shamba lao la Kisoko sehemu mbili, mtama mwekundu wa kwa kaka yake huko Molo sehemu moja. Unga uliochachuka ukikaangwa juu ya bati na kuanikwa unaweza kukaa muda mrefu, na mama yule alikuwa akiweka akiba juu ya moshi wa jiko, kibuyu kimoja kwa kila mavuno. Basi Mzee akipata mapumziko alimwomba mkewe atie maji ya moto kwenye vyungu viwili, mavuno ya mwaka huu na mavuno ya mwaka jana, akaketi katikati na mirija miwili, mmoja kila upande. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema huyu ana kiu ya ng'ombe. Yeye alivuta kidogo huku, akavuta kidogo kule, akatangaza kwamba mvua ya mwaka jana ilichelewa mashamba ya Molo, mtama ukadumaa. Shemeji yake aliyelima mtama huo alikiri kwamba ni kweli.

Ndani ya stoo ya klabu alipanga chupa za Daraja kwa mwaka, na kwenye kila rafu alichora picha kwa chaki. Alijua kusoma tarakimu, asidharauliwe. Lakini mwaka uliochapwa kwenye karatasi aliuona kuwa si kitu. Huo, alisema, ni mwaka wa kwao huko. Mgeni anahesabiwa tangu siku aliyobisha hodi. Kwa hiyo kila divai aliipa jina la jambo lililotupata sisi mwaka ilipofika. Rafu ya juu ilikuwa na picha ya nzige, kwa sababu mwaka ule nilileta makasha huku radieta ya lori imeziba nzige. Rafu ya pili, jiwe la mvua: mvua ya mawe ilitoboa paa za Tororo nzima. Ya tatu, gurudumu, aibu yangu mimi, niliyeliangusha lori mtaroni njia ya Busia na kuvunja kasha zima. Ya nne ilikuwa na picha ya kofia ya askari.

Hiyo ya nne nitaisemea kidogo. Ni mwaka askari wetu waliporudi kutoka Bama, kwenye vita ya Wajapani. Divai na askari vilifika kwa treni moja. Mzee alikuja stesheni kupokea makasha, na mwanawe alikuwa mmoja wa waliokwenda vitani. Nilimwona akitembea pembeni mwa behewa moja baada ya jingine, anatazama kila dirisha, mpaka mwisho wa treni. Kisha akarudi, akaniambia tupakie. Barua ya serikali ilikuja baadaye, lakini yeye alikuwa amekwisha kuisoma pale stesheni. Na divai ya mwaka huo ilitokea kuwa nzuri kuliko zote. Jambo hilo lilimkera sana.

Nilimwona akionja mara nyingi, maana alinilazimisha nisimame nione. Alimimina kiasi cha kijiko, akaizungusha, akaingiza pua, akaivuta mdomoni kwa kelele ya mtu anayekunywa uji wa moto. Akatulia. Akatema ndani ya kopo la samli alilolitoboa na kulitia mkono wa kamba. Kisha akafuta midomo na akasema neno lake. Hakumeza. Nilimtazama koo kwa makusudi, kwa sababu mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Ulimi ule ulinitia mashakani na mimi. Siku moja nilichelewa Busia, upande wa Kenya, walinisumbua kwenye mzigo mwingine, nikarudi nikikimbiza gari juu ya mashimo ili niwahi sala ya Ijumaa. Mzee akazibua chupa moja, akaonja, akatema.

"Hii umepiga, Dereva," akasema. "Wewe nakimbiza gari, divai nashika tumbo. Sasa iko na maluweluwe. Acha ilale siku kumi."

Siku ya kumi na moja aliionja tena akasema imenisamehe, ingawa yeye bado.

Msidhani alikuwa malaika. Alijivuna kupita kiasi. Hakusifu mtu. Alidanganya juu ya umri wake, juu ya ukubwa wa kambare aliyewahi kumvua, na juu ya kama ameshiba au hajashiba. Walevi aliwachukia, na kazi yake yote ilikuwa kuwahudumia. Kanisani alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele, lakini aligombana na padre kwa sababu kikombe cha misa kilikuwa cha padre peke yake. Alimwambia kwamba serikali imemnyima divai, hiyo anaielewa, ni serikali. Lakini Bwana Yesu alisema kunyweni wote, na yeye anahesabiwa wapi? Padre akamwambia awe mnyenyekevu. Mzee alijibu kwamba hata hivyo, kwa harufu iliyomfikia benchini, divai ile imeanza kuwa siki.

Juu ya mambo mengine yote aliweza kudanganya. Juu ya ladha hakuwahi, hata kumfurahisha mkewe. Kama kongo ya mavuno mapya ilikuwa mbaya alisema mbaya, na akalala njaa.

Sasa kesi.

Klabu ilipata katibu mpya, Mzungu mwembamba mwenye tabasamu la duka. Jumapili moja mchana akawa na mgeni mkubwa kutoka Entebbe, akaagiza ile Daraja ya Kofia ili ajionyeshe. Akaileta mwenyewe kutoka stoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee akaizibua, akaenda nyuma ya pazia na tone lake kama kawaida, akaonja, akatema. Kisha akarudi, akainama sikioni mwa katibu na kumwambia kwa Kiswahili, polepole, kwa heshima zote, kwamba hii si Kofia. Hii ni Mvua ya Mawe, imevalishwa kanzu ya mwenzake.

Katibu hangejali. Lakini mgeni alikuwa amekaa Zanzibar miaka mingi na Kiswahili alikisikia kuliko sisi. Akachukua chupa. Akaikwaruza karatasi kwa ukucha. Gundi ilikuwa bado laini.

Kesho yake katibu akamshitaki Mzee. Alidai kwamba boi amekunywa Kofia, akabandika karatasi zake kwenye chupa mbaya ili kuficha wizi wake. Chupa za Kofia kweli zilikuwa zimepungua sana. Baadaye tulisikia zilivukia wapi: zilivuka Busia ndani ya gari la katibu mwenyewe, kwenda kwa rafiki zake, na ninashukuru halikuwa lori langu. Lakini siku ile nani angeuliza gari la Mzungu limebeba nini?

Katibu alitaka jambo lififie kabla halijafika mbali. Akamwita Mzee, akampa mlango wa kutokea. Aseme tu mbele ya yule mgeni kwamba alikosea. Aseme yeye ni mtu wa shamba, hajui divai, alibahatisha. Aseme neno moja, sijui, na mashtaka yatafutwa, kazi yake itabaki, na uzee wake utabaki na heshima. Akikataa, ataulizwa mahakamani amejuaje ladha ya kitu ambacho sheria inamkataza kukinywa. Kila jibu litakuwa jela. Yaani mtego ulikuwa umetegwa vizuri: akijua ni mhalifu, asipojua ni mwongo na mwizi aliyesamehewa.

Sote tulimwendea. Padre alikwenda. Mkewe alilia, akamwambia kwamba mtoto mmoja ametosha, asimfanye mjane kwa ajili ya maji ya zabibu. Na mimi nilikwenda, sioni aibu kusema. Nilimwambia kwamba kusema sijui hakumpunguzii mtu kitu, hata wanazuoni wetu husema Mungu ndiye ajuaye.

Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Dereva," akasema, "mimi nasema sijui kila siku. Kizungu sijui. Mtoto wangu walimzika wapi, sijui. Hii moja najua. Sasa hii moja ndiyo wanataka?"

Nikakaa nikamsaidia kupukuchua. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki.

Siku ya kesi boma lilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa Mzungu mzee mwenye pumu, si mtu mbaya, alitaka kumaliza aende kula. Mkalimani alikuwa kijana wa upande wa Kenya, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa rula, na alijipenda. Mzee aliulizwa amejuaje kwamba divai si yenyewe. Akajibu kwamba anaonja. Mkalimani akamgeukia hakimu akasema kwa Kiingereza kwamba mshitakiwa anakunywa kidogo.

Kiingereza changu ni cha stesheni, lakini hilo nililisikia. Na Mzee, aliyesema Kizungu hajui, alilisikia pia.

"Hapana kidogo," akasema. "Na hapana kunywa. Naonja. Kuonja si kunywa."

Mkalimani akatabasamu. Akamwambia, mbele ya watu wote, "Mzee wangu, wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja."

"Asali hakuna mtu anatema," Mzee akasema. "Mimi natema. Kopo langu liko hapo mezani, uliza yeye."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Ndipo nikaitwa mimi, shahidi wake pekee. Nikaapa kwa Kurani. Nikaulizwa kama niliwahi kumwona mshitakiwa akimeza divai. Nikasema sijawahi, na nimemtazama miaka kumi na miwili. Hakimu akauliza kuna tofauti gani, si imeingia mdomoni? Nikamwambia kwamba mke wangu hupika futari akiwa amefunga. Huonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema, na saumu yake haivunjiki, masheikh wote wanajua. Kisha hasira ikanipanda, nikaongeza lile ambalo sikukusudia.

"Mungu anajua tofauti ya kuonja na kunywa. Serikali inashindwaje?"

Mkalimani alikohoa, akalitafsiri kwa maneno machache kuliko yangu. Nikaambiwa nikae.

Mzee akaomba apimwe. Hakimu alitaka kukataa, lakini yule mgeni wa Entebbe alikuwa ameandika barua ya kumtetea, nayo ilikuwa mezani. Basi karani akatumwa stoo ya klabu. Akaleta bilauri tano juu ya sinia: nne kutoka rafu nne za picha, moja kutoka chupa ya kesi. Akazichanganya mahali tusipoona na kuandika mpangilio kwenye karatasi, akampa hakimu. Kopo la samli likawekwa sakafuni miguuni mwa Mzee.

Akachukua ya kwanza, akaivuta kwa kelele yake ileile ya uji, akatema. "Mvua ya Mawe," akasema. Hakimu akatazama karatasi yake. Ya pili akatema. "Nzige. Hii imezeeka, iache ipumzike." Ya tatu akaizungusha mdomoni, akatema, akacheka kidogo. "Hii ndiyo ya kesi. Ni pacha wa ile ya kwanza. Mama mmoja, baba mmoja." Ya nne akatema na kunitazama mimi. "Gurudumu. Muulize Dereva alifanya nini hii mwaka." Watu wakacheka tena, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Ya tano alikaa nayo muda mrefu. Nikaona macho yake yamekwenda dirishani, kule stesheni iliko. Akafuta midomo kwa kitambaa.

"Kofia," akasema.

Hakimu akaiweka karatasi mezani. Zote tano zilikuwa sawa. Aliiangalia tena kana kwamba itabadilika, akapumua kwa shida, akasema kwamba kuhusu kubandika karatasi mshitakiwa hana hatia, na klabu ijichunguze. Tukaanza kupiga makofi. Akagonga meza. Halafu akasema kwamba mtu hawezi kujua hivi bila kuzoea, na kuzoea ni ushahidi, na kwenye daftari lake imeandikwa kwamba mshitakiwa mwenyewe amekiri anakunywa kidogo. Wiki sita, kazi ngumu.

Mkewe alipiga ukelele mmoja. Mzee akauliza kama anaweza kuchukua kopo lake. Akakatazwa.

Alizimaliza wiki zake akivunja kokoto. Katibu alihamishwa, tukaambiwa ni kwa sababu ya afya. Klabu ikaweka mtunza divai mwingine, kijana mpole asiyeonja chochote, na nasikia waliuziwa takataka mpaka bendera iliposhuka. Mzee alirudi Kisoko kwenye wimbi lake. Kila aliyemwona njiani na kumpa pole alijibiwa pole ya nini. Yeye alifungwa kwa kujua. Wangapi hapa Tororo wamefungwa kwa hilo?

Miaka ikapita. Sheria ile ikaondolewa, kimyakimya, hakuna aliyeomba radhi. Klabu ikamtumia Mzee kadi yenye maandishi ya dhahabu, ikimkaribisha aje anywe bilauri moja kwa ukumbusho wa utumishi wake mrefu. Mkewe alinionyesha kadi hiyo, au tuseme kona yake iliyobaki, maana Mzee aliwashia moto chini ya bati la kongo.

Mara ya mwisho nilimkuta nyumbani. Nilikuwa nimetoka Busia, na katika duka moja pale, kaunta wazi, mchana kweupe, nilinunua chupa ya Daraja. Mwenye duka alinishangaa na kofia yangu ya kiislamu. Nilimwambia mimi nabeba tu, ndiyo dhambi yangu ya zamani. Mzee alikuwa amepungua sana, macho yamefunikwa na ukungu, amekaa kwenye ngozi na chungu mbele yake. Akaipokea chupa, akaipapasa mpaka akalipata daraja kwa kidole. Hakuwa na kizibuo. Tulisukuma kizibo ndani kwa kijiti. Akaonja kwa kelele ileile. Akatema pembeni, kuku wakakimbia.

"Mwaka hana jina," akasema. "Umeleta pole pole, hiyo nashukuru. Lakini mwaka hana jina."

Nikamwambia kwamba sasa ni ruhusa, anaweza kumeza. Akasema kwamba ruhusa yao haikubadilisha divai. Nikacheka. Halafu, kwa sababu tulikuwa wawili tu na mkewe alikuwa nyuma ya nyumba, nilimwuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ile. Kweli, kwa miaka yote ile, kati yake na Mungu, hakuwahi kumeza hata mara moja?

"Mara moja," akasema.

Nikamwambia asinifanyie mzaha, mimi niliapa kwa Kurani.

"Wewe Dereva, umehesabu mizigo ya watu maisha yako yote. Bilauri ilikuwa ngapi?"

"Tano."

"Nikatema ngapi?"

Nikaanza kurudisha nyuma. Mvua ya Mawe, kopo likalia. Nzige. Ile ya kesi. Gurudumu, akanitazama. Halafu kitambaa, na neno, na kopo halikulia. Boma lote, na hakimu, na mkalimani, na mimi niliyejivuna kwamba namtazama koo, tulikuwa tunamtazama karani na karatasi yake.

"Kiapo chako kilikuwa kimekwisha," akasema. "Nilikungoja umalize, usipate dhambi."

Nikamwuliza kwa nini, na alikuwa amekwisha kushinda.

"Mtoto wangu walimpa ruhusa kufa kwa vita yao," akasema. "Baba yake hana ruhusa kumeza divai ya siku hiyo? Ile sikuweza kutema. Na nilimwangalia hakimu uso, nikaona ananifunga, hata nikijua zote tano. Basi nikasema, kama ni kufungwa, nifungwe kwa haki."

Akaupapasa mrija wake, akaupata, akaendelea kunywa.